Betri Mpya, Malalamiko Yale Yale: Kwa Nini Kompyuta Hulalamika Hata Baada ya Kubadilishiwa Kifaa

Najua wengi wenu mmezoea kusoma humu mashairi, vitendawili na makala kuhusu ngeli. Leo nawaomba mnivumilie kidogo nikitoe Kiswahili darasani, nikipeleke katika maabara ya kompyuta. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na swali ninalotaka kulijibu limeulizwa sana mwaka huu hapa shuleni: mbona mashine imebadilishiwa kifaa kilichoharibika, na bado kila ikiwashwa inatoa ujumbe ule ule wa kosa?

Nianze na kisa chenyewe, maana bila hicho huenda nisingeshika kalamu.

Muhula wa pili, watahiniwa wa kidato cha nne walikuwa mbioni kumaliza mradi wao wa somo la kompyuta. Mradi huo si mchezo, una alama zake katika mtihani wa KCSE. Dada yetu mmoja, ambaye sitamtaja jina, alikuwa akitumia ile mashine iliyo karibu na dirisha. Kila asubuhi ilipowashwa, mashine hiyo ilitoa maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, ikisema kwamba saa na tarehe hazijawekwa, kisha ikangoja mtu abonyeze F1. Dada yetu hakuwa na habari. Alibonyeza F1, mashine ikaendelea, naye akafanya kazi yake hadi kengele ya chakula.

Kasheshe ilizuka siku ya ukaguzi. Mwalimu alipofungua folda yake alikuta kila faili imeandikwa tarehe 1 Januari 2009. "Mwaka huo wewe ulikuwa hujui hata kushika kalamu," mwalimu akamwambia. "Sasa hii kazi umeinakili kwa nani?" Dada akajaribu kujieleza, maneno yakamkwama kooni. Alitoka maabara akibubujikwa na machozi, na sisi wa kidato cha tatu tuliokuwa mlangoni tukabaki tunatazamana tu. Kunakili mradi ni kosa kubwa, na jambo kama hilo likifika ofisini haliishi kwa urahisi.

Wenzake waliamua kumsaidia. Walisikia kwamba dawa ya ujumbe kama huo ni betri ndogo ya ndani. Wakapata ruhusa, betri ikanunuliwa mjini, ikatiwa. Mashine ikawashwa. Ujumbe ule ule! Wakasema labda wameuziwa betri iliyokufa. Ikanunuliwa nyingine. Ujumbe ule ule! Hapo kila mtu akawa fundi. Mmoja akasema ubao mkuu wa ndani, ule mafundi huuita madabodi, umeungua. Mwingine akasema mashine yenyewe imezeeka, itupwe stoo na wazazi waambiwe wachange pesa za mpya.

Kabla hatujafika huko, shule ikamwita fundi, mzee mmoja mpole. Alisoma ujumbe kwenye skrini mara mbili, akageuka, akatuuliza, "Vijana, saa ya ukutani ikiisha betri mkaitia mpya, je, inajua yenyewe kwamba sasa ni saa nne na robo?"

Tukamjibu, "La, fundi. Lazima irekebishwe."

"Basi na hii nani ameirekebisha?"

Kimya. Hakuna aliyekuwa ameirekebisha. Sote tulikuwa tunabonyeza F1 na kupita.

GWARIDE LA ASUBUHI

Ili tuelewe fundi alimaanisha nini, tutazame kinachotokea mtu anapobonyeza kitufe cha kuwasha. Kompyuta haikimbilii Windows mara moja. Kwanza huendesha programu ndogo iliyohifadhiwa katika chipu iliyo kwenye ubao mkuu. Kwa miaka mingi programu hiyo imeitwa BIOS, na katika mashine za karibuni mahali pake pamechukuliwa na UEFI, ingawa watu bado huita zote BIOS kwa mazoea. Kazi yake ya kwanza ni kukagua viungo vya mashine: Kumbukumbu ya kazi, yaani RAM, ipo? Kibodi ipo? Diski ipo? Feni inazunguka?

Huu ukaguzi ni kama mwalimu wa darasa anayeita majina asubuhi kwa kutumia rejista. Mwanafunzi akihama na jina lake lisifutwe, mwalimu ataliita kila siku na kila siku ataandika kwamba hayupo. Akija mgeni asiandikwe, mwalimu atauliza, "Na wewe ni nani?" Darasa halina ugonjwa wowote. Kilicho na kasoro ni rejista.

Hapa ndipo penye kiini cha makala yangu. Ujumbe wa kosa wakati wa kuwasha mara nyingi hausemi kwamba kitu kimekufa. Unasema kwamba kompyuta inachokiona sasa hakilingani na inachokikumbuka. Ukibadilisha kifaa usisahihishe rejista, malalamiko yatabaki pale pale hata ukinunua vifaa kumi.

REJISTA IKO WAPI?

Katika kompyuta ya kwanza ya IBM PC, iliyotoka mwaka 1981, rejista ilikuwa swichi ndogo ndogo kwenye ubao. Ukiongeza kumbukumbu, unafungua mashine na kusogeza swichi kwa mkono. Mwaka 1984 kampuni hiyo hiyo ilitoa IBM PC AT. Humo mipangilio iliwekwa katika kumbukumbu ndogo ya aina ya CMOS, pamoja na saa, na vyote viwili vikahifadhiwa kwa betri ili visipotee mashine inapozimwa. Mashine hiyo ilitoa makosa kwa nambari: 161 kuhusu betri, 162 mipangilio isiyolingana, 163 saa na tarehe, 164 kiasi cha kumbukumbu. Watengenezaji wengine walizirithi nambari hizo kwa miaka mingi, kwa hiyo ukiziona katika mashine kuukuu sasa unajua jamaa zake ni akina nani.

Katika mashine nyingi za mezani betri yenyewe ni ya mviringo kama sarafu, nayo huitwa CR2032. Jina hilo si fumbo: kipenyo chake ni milimita 20, unene wake ni milimita 3.2, na nguvu yake ni volti 3. Waya wa stima unapokuwa umechomekwa na swichi ya ukutani iko wazi, ubao mkuu hupata umeme kidogo hata mashine ikiwa imezimwa, na betri hupumzika. Stima ikikatwa kabisa, ni betri peke yake inayobaki kuilinda saa na rejista.

Sasa mtaelewa kwa nini taabu ya maabara yetu ilitokea asubuhi tu. Jioni swichi kuu ya maabara huzimwa kwa sababu za usalama. Betri ikiwa imekufa, saa husahau kila kitu usiku, na asubuhi huanza tena katika tarehe aliyoipanga mtengenezaji. Kwa ile mashine ya dirishani, tarehe hiyo ilikuwa 1 Januari 2009.

Kuna ujumbe mwingine unaosumbua sana, ule usemao "CMOS checksum error". Maana yake ni rahisi. Kompyuta ikihifadhi mipangilio yake hujumlisha nambari zake zote na kuandika jumla hiyo kando. Ikiwashwa hujumlisha tena. Jumla mbili zikitofautiana, inajua kwamba rejista imeharibika, haiiamini tena, na huomba iandikwe upya. Betri mpya peke yake haiwezi kuiandika. Anayeandika ni wewe.

VIFAA VINNE NA VISINGIZIO VYAKE

Betri. Baada ya kuitia, ingia katika mipangilio ya BIOS. Mashine nyingi huingiwa kwa kubonyeza F2 au Delete mara tu inapowaka, lakini nyingine zina kitufe chake, kwa hiyo soma maandishi yanayopita chini ya skrini. Weka tarehe, weka saa, kisha hifadhi ndipo utoke. Mara nyingi kuhifadhi ni kwa F10, ila thibitisha kwenye skrini. Ukitoka bila kuhifadhi umetwanga maji kwenye kinu. Kama ujumbe unarudi hata baada ya kuhifadhi, angalia mambo matatu. Kwanza, upande wenye alama ya kujumlisha umeelekea juu, au kama kishikio chake kinavyoonyesha? Pili, betri yenyewe ina nguvu? Kipimo kikionyesha volti 3 au zaidi kidogo ni nzima, ikishuka karibu na volti 2.5 usiitegemee, hata kama imetoka dukani leo. Tatu, tazama karibu na betri kama kuna kile kifuniko kidogo cha plastiki kinachounganisha pini mbili, ambacho mafundi hukiita jampa. Jampa hiyo hutumiwa kufuta rejista. Mtu akiisahau katika nafasi ya kufuta, mashine nyingine hazitawaka kabisa na nyingine zitapoteza kumbukumbu kila siku, nawe utailaumu betri bure.

Kumbukumbu ya kazi. Ukiongeza au ukipunguza RAM, mashine nyingi husema mara moja kwamba kiasi kimebadilika. Hilo ni jambo la kawaida. Ingia katika mipangilio, hakikisha kiasi kinachoonyeshwa ndicho ulichotia, hifadhi, basi. Lakini ujumbe ukija kila asubuhi, au kiasi kikibadilika leo hivi kesho vile, hapo rejista haina makosa, mwanafunzi mwenyewe ndiye mtoro. Kibao cha RAM hakijakaa vizuri. Kitoe, pangusa meno yake, kirudishe ukikisukuma pande zote mbili mpaka vishikio vijifunge. Vikiwa viwili, jaribu kimoja kimoja. Tena usilazimishe! RAM ya DDR3 na ya DDR4 hazibadilishani, na pengo la katikati limewekwa mahali tofauti makusudi ili ile isiyofaa isiingie.

Diski. Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa. Umetia diski mpya na mashine inasema haioni pa kuanzia. Usiirudishe dukani bado. Diski mpya kabisa huwa tupu, haina Windows wala Linux, kwa hiyo hata ikiwa nzima haina cha kuanzisha. Ingia BIOS uone kama jina lake limeorodheshwa. Likiwa halipo, kagua nyaya mbili, ule wa data na ule wa umeme. Likiwa lipo, tazama utaratibu wa kuanzia, labda mashine inaitafuta ile diski ya zamani. Likiwa lipo, na diski ina mfumo wake, na bado inakataa, kuna siri nyingine: namna diski inavyozungumza na ubao mkuu, ambayo katika mipangilio huandikwa AHCI, IDE au RAID. Windows iliyowekwa katika namna moja inaweza kukataa kuanza katika nyingine na kutoa skrini ya buluu. Na mnajua nini huibadilisha namna hiyo bila mtu kugusa? Betri iliyokufa! Rejista ikifutika, mashine hurudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Kwa hiyo mtu ananunua diski ya maelfu kumbe mgonjwa alikuwa betri ya shilingi chache.

Feni. Umebadilisha feni ya prosesa, inazunguka kwa macho yako mwenyewe, na mashine bado inasema feni ina kosa. Wee! Nani mwongo? Hakuna. Kompyuta haina macho. Inazihesabu duru za feni kupitia waya wa tatu. Feni yenye waya mbili itazunguka vizuri, lakini haina waya wa kupeleka habari. Vilevile, kwenye ubao mkuu kuna mahali pengi pa kuchomeka feni. Ile ya prosesa ina pahala pake palipoandikwa CPU_FAN. Ukiichomeka pa feni ya sanduku, mashine itaitafuta CPU_FAN, isipate kitu, ianze kulia.

UTARATIBU WA KUFUATA

Nimeyaandika haya kama tulivyofundishwa na yule mzee siku hiyo:

1. Soma ujumbe wote, na uunakili kwenye daftari neno kwa neno. "Imeandika kitu fulani" si habari ya kumpa fundi.

2. Kabla ya kubadilisha chochote, ingia BIOS, kama bado inaingika, uandike mipangilio muhimu: utaratibu wa kuanzia, namna ya diski, kiasi cha RAM. Mali bila daftari huisha bila habari.

3. Zima, chomoa waya wa stima, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha sanduku kabla ya kugusa chipu, maana mwili nao hubeba umeme tuli. Lile sanduku la kugawa umeme lililo ndani usilifungue kamwe.

4. Badilisha kitu kimoja tu, kisha ujaribu. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja, hata ukifaulu hutajua dawa ilikuwa ipi.

5. Washa, ingia BIOS, sahihisha, HIFADHI, toka.

6. Zima, kata stima kwenye swichi ya ukutani kwa muda, washa tena. Mtihani wa kweli wa betri ni huo. Ujumbe usiporudi, umemaliza kazi.

7. Betri ya zamani usiitupe ovyo wala kuiacha mezani. Mtoto mdogo akiimeza inaweza kumchoma ndani kwa muda wa saa chache tu na hata kumuua. Hilo si la kufanyiwa mzaha.

ILA KUNA WAKATI INASEMA KWELI

Nisije nikawapotosha jameni. Si kila ujumbe ni rejista. Mashine ikisema diski inakaribia kufa na kwamba unakili kazi zako, nakili kwanza, maswali baadaye. Ikisema hivyo hata baada ya kutia diski mpya, chunguza kama ile ya zamani bado imechomekwa pembeni. Feni ya prosesa ikiwa imesimama kweli, usiizoee F1 kila asubuhi, maana joto litamaliza prosesa. Na kama betri ni nzima, jampa iko mahali pake, umehifadhi, na bado saa inasahau, hapo ndipo unaweza kuushuku ubao mkuu. Lakini angalia: tuhuma hiyo ni ya mwisho katika orodha. Sisi tuliifanya ya kwanza.

Kuna kosa jingine tulilolifanya, nalo ni la kuzoea. Tuliifundisha mikono yetu kubonyeza F1 bila kusoma. F1 katika ujumbe ule ilikuwa na maana ya "endelea hivyo hivyo". Haikurekebisha chochote. Tuliambiwa ukweli kila asubuhi, na kila asubuhi tukaunyamazisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa turudi kwa dada yetu. Kabla fundi hajarekebisha saa, alimwita mwalimu na kumwomba afungue faili mpya, aandike neno lolote, ahifadhi. Mwalimu akaandika "habari". Tarehe ya faili ikawa 1 Januari 2009. Mwalimu akatazama tena ile folda ya mradi. Kazi ya wiki nyingi, faili baada ya faili, zote zilikuwa za siku ile ile moja, tena sikukuu ya Mwaka Mpya! Akatikisa kichwa. Alimwita dada yetu mbele yetu sote, akampa pole, na katika daftari lake la ukaguzi akaandika sababu ya tarehe zile. Mtu mzima kukiri kosa mbele ya wanafunzi si jambo dogo, nasi tulimheshimu zaidi.

Fundi akaingia katika mipangilio, akaweka tarehe, akahifadhi. Nadhani haikufika dakika mbili. Swichi kuu ikazimwa, ikawashwa. Skrini ikapita bila neno. Zile betri mbili "zilizokufa" zilikuwa nzima zote, na moja imebaki kwenye droo ya maabara ikimngoja mgonjwa mwingine.

Wasomaji wapenzi, mkipita karibu na maabara mkaona kikaratasi kimebandikwa ukutani kisemacho SOMA KWANZA, F1 BAADAYE, jueni kimetoka wapi. Na mkiwa na swali, mimi napatikana maabara kila Jumatano baada ya michezo. Kwa leo naomba nikomee hapa.

Mwandishi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu na mwanachama wa Chama cha Kiswahili.